Mikono ya baba ndani ya kadre

Kwa miaka mingi, kuta za saloni zetu zilionyesha wakubwa, watakatifu, mamba muntu na mashini. Mutu wa mugodi hakuwa na nafasi pale. Siku tulienda kwa muchoraji kutafuta sura ya baba, tuliona kwamba maneno haikuwa ya rangi tu. Ilikuwa ya kujua nani tunamuita muzuri, na nani tunamupa thamani.

Tulifika Katuba asubui, sisi watatu: mama, kaka yangu mukubwa na miye. Muchoraji alikuwa ametundika tablo zake inje, pembeni ya barabara, juu ya ukuta wa matofali, na mavumbi ya magari ilikuwa inazipiga. Yeye mwenyewe alikaa chini ya muembe, kitambaa cha mufuko wa unga kimevutwa juu ya mbao, brosi mukononi.

Mama alifungua fundo la kikwembe chake, akatosha foto. Ilikuwa ndogo kuliko sanduku ya kibiriti. Ilitoka ku karti ya kazi ya baba: sura moja, macho wazi kama ya mutu aliyeshituliwa, na pembeni kipande cha tampo. Baba alifanya miaka 27 chini ya udongo. Alikufa mwaka jana. Tulikuwa tunatayarisha siku ya kumaliza kilio, na familia iliamua kwamba siku ile sura yake ikae mbele ya watu, kubwa, ndani ya kadre. Tulipekua nyumba yote, na hakukuwa foto ingine. Miaka 27 ya kazi, watoto saba, na foto moja tu, ile kazi ilimupiga ili pa mulango wajue kama ni yeye.

Kaka alisema wa kwanza:

— Umuvalishe kostime ya bleu na kravati. Na sura umupunguzie weusi kidogo. Ile foto ilimutosha mubaya.

Muchoraji alipeleka foto karibu na macho, akaigeuza huku na huku.

— Sura haina matata, kaka. Matata iko hapa: mikono tutatia wapi?

— Mikono ya nini? Kata pa kifua.

Mama alikuwa kimya. Sisi watoto tulijua sababu. Mukono wa kuume wa baba ulikuwa na vidole vitatu tu. Vile vingine viwili vilibaki chini, siku jiwe lilipoteleza, wakati miye nilikuwa ningali darasa la pili. Tangu siku ile, kila mara wageni walifika ao kulikuwa ndoa, baba alificha ule mukono ndani ya mufuko wa suruali.

Nitawaambia mbele ya kumaliza kile mama alijibu. Lakini swali ya yule muchoraji ilinifuata siku nyingi. Nilianza kuangalia kuta za nyumba za wengine, na kuuliza: katika muji wetu, nani anachorwaka, na nani hachorwake?

Ukuta wa saloni unasemaka

Ingia katika nyumba yoyote ya wafanyakazi, ikuwe Lubumbashi, Likasi, Kipushi ao Kolwezi, na uangalie ukuta mbele ya mahali wageni wanakaa. Utaona Yesu mwenye nywele za manjano. Utaona wachezaji wa Mazembe. Utaona kalenda ya kampuni, na juu yake mashini kubwa ya kuchimba, inang'aa kama gari ya bibi-arusi. Mashini iko pale. Yule anaiendesha haiko.

Wakati wa wazazi wetu, miaka ya 1970, wachoraji wa Lubumbashi walitembea na tablo chini ya kwapa, wakiuzisha nyumba kwa nyumba. Kati ya zile zilipendwa sana, mbili kila mutu mwenye umri anazikumbuka.

Ya kwanza ilikuwa mamba muntu: nusu mwanamuke, nusu samaki, amekaa pembeni ya maji. Watu walisema analeta feza nyingi, lakini anaomba roho ya mutu wa jamaa. Sasa kumbuka namna alichorwa: ngozi nyeupe ao ya kungaa, nywele ndefu za kulala mugongoni, saa ku mukono, mukufu ku shingo. Mamba muntu alikaa mbele ya macho ya watoto kila siku, wakati wa kula na wakati wa kufanya kazi ya masomo. Hakuna mutu aliwaambia kwamba uzuri ni ile ngozi na zile nywele. Ukuta ndio uliwaambia.

Ya pili iliitwa «Colonie belge»: wafungwa wenye nguo za mistari, mumoja amelazwa chini anapigwa fimbo, na muzungu anaangalia, mara nyingi pipa ya tumbako ku kinywa. Ile tablo ilisema kweli, na wazee waliinunua juu ya ukumbusho. Lakini angalia vizuri: wale wanapigwa hawana sura zao. Yule analazwa chini anaonyesha mugongo. Anaweza kuwa mutu yeyote. Ni babu yetu sisi wote, na kwa hiyo siye babu wa mutu mumoja.

Basi kwa upande moja, uzuri ambao si wetu. Kwa upande mwingine, mateso ambayo ni yetu, lakini bila jina. Katikati ya zile mbili, baba zetu walikaa ku kiti wakila bukari, na hakuna aliyekuwa juu ya ukuta na sura yake mwenyewe.

Samaki na ndege

Hii ilianza zamani. Katika mwaka 1946, Mufransa mumoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua ku Elisabethville atelier iliyojulikana kwa jina la «Le Hangar». Pale walitoka wachoraji wakubwa: Pili Pili Mulongoy, Bela, Mwenze Kibwanga. Kazi yao ilipendwa Ulaya na hata leo inatafutwa. Walichora samaki, ndege, nyoka, nyama za pori, wawindaji. Ni kazi ya ajabu, na miye siwezi kusema neno mubaya juu yake. Ukitazama ndege za Pili Pili, unaona mutu aliyejua pori kwa macho yake mwenyewe.

Lakini fikiri. Wakati wanachora wale samaki, maelfu ya watu walikuwa wanashuka kila siku ndani ya mugodi, wanatoka na sura za mavumbi, wanasimama mustari wa posho. Moshi ya Lubumbashi ilionekana toka mbali. Yule mwalimu alipenda uzuri wa Afrika, lakini uzuri ule aliutafuta ndani ya pori. Mutu wa kambi, mwenye kaske na matrikule, hakuonekana kama kitu cha kuchora. Hata sisi wenyewe tulikubali ile hesabu: uzuri uko pori ao uko Ulaya, kwa kambi kuko kazi tu.

Tshibumba aliandika majina

Mutu aliyefungua mulango mungine alizaliwa hapa kwetu mwaka 1947. Jina lake ni Tshibumba Kanda Matulu. Alikuwa muchoraji wa barabara kama wengine, akichora ku kitambaa cha mufuko wa unga, akiuzisha kwa bei ya watu wa kawaida. Lakini alijiita mwanahistoria. Mwaka 1973 na 1974, alimuchorea mwalimu mumoja wa université, Johannes Fabian, tablo 101 zinazoeleza historia ya inchi yetu toka zamani. Juu ya kila moja waliongea, na waliongea Swahili, hii Swahili yetu ya Katanga. Yale maongezi yalitoka katika kitabu mwaka 1996, na zile tablo zinachungwa leo ku Amsterdam.

Katika tablo zile muko wafalme, wazungu na maprezidenti. Lakini muko pia Léonard Mpoyi. Wazee wanajua. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1941, wakati wa vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mishahara. Tarehe 9, ku kiwanja cha mupira cha Lubumbashi, askari walipiga masasi. Makumi ya watu walikufa, na Mpoyi, aliyesema kwa ajili ya wenzake mbele ya gouverneur, alikuwa kati yao.

Watoto wangapi wa Lubumbashi wanapita karibu na kiwanja bila kujua jina lile? Tshibumba hakumukuta Mpoyi; alizaliwa miaka sita nyuma ya kifo chake. Lakini alimupa mwili, alimupa nguo, alimusimamisha, na aliandika jina. Hakuchora «wafanyakazi wanapigwa». Alichora mutu. Na Lumumba pia, aliyeuawa hapa Katanga tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 1961, Tshibumba alimuchora pamoja na Mpolo na Okito, na nyuma yao misalaba mitatu. Alitwaa heshima ambayo tulizoea kuipa watakatifu wenye nywele za manjano, akaiweka juu ya watu wetu.

Mimi naona kazi ya sura iko pale. Wakati mutu anachorwa kwa sura yake na jina lake, wale wanaomuangalia wanalazimishwa kumuhesabu. Siye tena mugongo, siye tena matrikule.

Mutoto mwingine wa Lubumbashi, Sammy Baloji, alifuata njia ile kwa kamera. Mwaka 2006 alitwaa foto za zamani za wafanyakazi, zile walipigwa wamesimama mustari kama vyombo vya kuhesabu, akazikata, akawasimamisha wale wazee ndani ya foto za leo za mausine ambayo yameanguka. Ghafula tunaona macho yao. Usine imeanguka, lakini wao wamesimama na wanatuangalia.

Hata Ulaya iliwakataa wachimbaji wake

Mutafikiri hii ni jambo la weusi na weupe tu. Hapana. Wakati kampuni za Ubelgiji zilikuwa hazijafika kwetu, Wabelgiji wenyewe walikuwa wanakufa chini ya udongo, ndani ya mashimo ya makala, upande wa Borinage. Na kule pia, ndani ya manyumba ya matajiri na ndani ya musée, walichorwa wakubwa, wanawake wenye lulu na majenerali. Muchimbaji hakuwa kitu cha kutundika ku ukuta.

Constantin Meunier, muchoraji na muchongaji aliyezaliwa karibu na Brussels mwaka 1831, alikuwa anachora mambo ya dini. Siku alifika katika inchi ya makala na ya vyuma, alibadilika. Alianza kuchora na kuchonga watu wa kazi: mutu wa tanuru, mubeba mizigo wa bandari, muchimbaji na taa yake. Aliwasimamisha kama namna wengine walisimamisha wafalme: mugongo sawasawa, kichwa juu, mukono ku kiuno. Alichora pia wanawake waliofanya kazi ya makala, wamevaa suruali ya kazi, kitambaa ku kichwa. Wakati ule, kwa watu wa heshima, mwanamuke wa namna ile alikuwa haya. Meunier alimuchora kama mutu anayejua anaenda wapi.

Mwaka 1889 alitengeneza sanamu moja inaitwa «Le Grisou», jina la ile gazi inapasuka ndani ya mashimo ya makala. Mwanamuke amesimama, ameinama, mikono amefunga, anaangalia kijana amelala chini bila nguo. Ni mama anatambua maiti ya mutoto wake nyuma ya ajali ya mugodi. Halii, hapige makelele. Anaangalia tu.

Ni mama gani wa Kolwezi ao wa Kambove hatamujua yule mama? Walipanga mustari pembeni ya shimo, wakingojea kamba ivute, wakiangalia viatu mbele ya kuangalia sura. Ile sanamu ni ya Ubelgiji, lakini kilio chake sisi tunakijua.

«Mweusi lakini muzuri»

Turudi chini ya muembe. Kaka yangu aliomba baba apunguziwe weusi. Musimucheke. Muchoraji alituambia kwamba karibu wateja wake wote wanaomba vile. Wanaleta foto ya mama yao na wanasema: «Umungarishe kidogo.» Wanaleta foto ya bibi-arusi na wanasema: «Umutie teint.» Hawaombe hivyo juu ya kuchukia wazazi wao. Wanaomba juu ya upendo, kwa sababu katika kichwa chetu, kungaa ndiyo heshima.

Sikilizeni namna tunasema katika kilio ao katika ndoa: «Alikuwa mweusi lakini muzuri.» Ile «lakini» imetoka wapi? Binti zetu wanaisikia wangali wadogo. Kisha tunashangaa tukiwaona wanapaka mafuta ya kuchubua ngozi, hata uso unakuwa na madoa na jua inawachoma.

Muchoraji alinipa somo moja sitasahau. Nilimuuliza:

— Mutu mweusi kabisa kama baba, unatumikisha nyeusi?

Alicheka.

— Nyeusi ya tupu inaua sura. Ukiitia, mutu anakuwa shimo. Angalia.

Alitia kahawia ku kibao, kisha nyekundu kidogo, kisha bleu. Pa kipaji cha uso, pale jua inapiga, alitia tone la manjano na bleu ya mbingu. Pa mashavu, nyekundu ya udongo, ile ya njia zetu wakati wa kiangazi. Nilihesabu rangi sita katika kitu miye nilikuwa naita «mweusi».

— Ndiyo maana watu wanasema wanatoka mubaya mu foto, aliongeza. Kamera ile ya karti ilikuwa haina kazi ya kutafuta hizi rangi. Mutu mweusi mbele ya ukuta mweupe, anakuwa giza na macho mbili. Siye yeye mubaya. Ni foto haikumuona.

Alisema kweli kuliko alijua. Kwa miaka mingi, filimu za rangi zilizotengenezwa Marekani zilipimwa juu ya foto za wanawake wa kizungu. Ngozi nyeusi haikuwa katika hesabu. Baba zetu walijiona wabaya katika foto ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yao, na sisi watoto tuliwaamini.

Foto ya huruma na sura ya heshima

Mutu mungine atasema: «Lakini ba creuseur wanapigwa foto kila siku! Dunia nzima inawajua.» Ni kweli. Tangu bei ya cobalt ilipanda, wageni wanafika Kolwezi na makamera. Hata Kasulo, ile kartie ambapo toka mwaka 2014 watu walianza kuchimba chini ya nyumba zao wenyewe, foto zake zimezunguka mbali. Na foto zile zimesaidia, kwa sababu zimesema kile wakubwa walificha.

Lakini angalia namna mutu anaonekana mule. Amejaa udongo. Anainama chini ya mufuko. Hana jina, chini ya foto wanaandika tu «mucheuzi wa cobalt» ao «mutoto wa mugodi». Hakuombwa achague nguo, hakuombwa asimame namna gani. Foto inapigwa, gari inaondoka. Kule inakwenda, watu wanasikia huruma. Huruma ni kitu kizuri, lakini mutu unayemusikilia huruma, mara nyingi haumupe kiti mezani.

Kuchorwa sura ni kazi ingine. Inaomba mutu akae. Muchoraji anamuuliza: utavaa nini? utaangalia wapi? Anamutazama saa nzima, kisha kesho tena. Katika maisha ya creuseur, nani mwingine alimutazama saa nzima bila kutafuta kununua mabwe yake kwa bei ya chini?

Muchoraji wetu alinielezea juu ya mama mumoja, kati ya wale wanaosafisha mabwe ku mutoni, miguu ndani ya maji toka asubui mpaka magaribi. Alifika na feza aliyochunga, aomba sura yake. Mara ya kwanza aliomba nywele za kununua, mukufu na nyuma yake maua. Muchoraji alianza. Siku ya pili alirudi, akatazama, akasema: «Huyu ni nani?» Wakaanza upya. Siku ya tatu alikuja na beseni yake na kitambaa chake cha kichwa, kile cha kazi. Tablo ile iko leo ku saloni yake. Mume wake, nasikia, kwanza alikasirika: wageni watasema nini? Sasa ni yeye anaonyesha wageni.

Tablo haijazi sahani

Miye najua kile wengi wenu munafikiri. Creuseur mumoja, rafiki ya kaka yangu, aliniambia waziwazi:

— Mutu wa gazeti, muniache na tablo. Munipe bei nzuri ya mabwe, munipe mbao za kushikilia shimo. Nyuma ya pale mutanichora.

Ana haki. Hakuna brosi inashikilia udongo usianguke. Na muko hatari ingine: mukubwa anaweza kutundika sura ya mufanyakazi ku biro, afikiri amelipa deni. Sura haichukue nafasi ya mushahara, wala ya daktari, wala ya kaske.

Lakini nilimujibu hivi: kwa nini bei ya mabwe yako inakuwa chini, na hakuna anayeona haya? Kwa nini shimo ikianguka, radio inasema hesabu ya wafu, na haiseme majina? Ni kwa sababu, ndani ya vichwa vya watu, creuseur ni mutu wa bei ya chini: mulevi, mwizi, mutu wa kupita. Watu wa namna ile, unawalipa kidogo na unalala usingizi muzuri. Mawazo ile haikuanza sokoni. Ilianza ku macho. Wale walipiga masasi mwaka 1941 walikuwa na majina ya wafanyakazi ndani ya vitabu vya matrikule. Hawakuwa na sura zao ndani ya roho.

Rafiki huyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza: «Anaombaka ngapi, yule muchoraji?»

Mbele ya kwenda kwa muchoraji

Kwa jamaa zenye nia ya kuchoresha muzazi, haya ndiyo tulijifunza. Musingoje kifo. Muzee angali muzima, apelekwe akae mwenyewe, na aulizwe anataka aonekane namna gani. Kama kuna foto ya karti tu, muipige upya kwa telefone katika mwanga wa inje na muichunge fasi mbili, kwa sababu karatasi ya zamani inafutika. Mufike na mutu aliyemujua vizuri, asimame pembeni ya muchoraji na kumuambia: pua haikuwa vile, alikuwa anakunja midomo hivi. Mupatane juu ya bei na siku mbele ya kazi kuanza, mulipe sehemu, mubakize sehemu. Na nyuma ya tablo, muandike jina lote, mwaka wa kuzaliwa, kazi aliyofanya na mahali. Wajukuu watageuza ile tablo siku moja.

Kile mama alijibu

Asubui ile ku Katuba, nyuma ya kaka kusema «kata pa kifua», mama alikaa kimya muda murefu. Muchoraji hakumusukuma. Alisafisha brosi zake. Kisha mama akasema, bila kuangalia mutu:

— Weka mikono. Yote mbili.

— Mama! kaka alisema.

— Mwanangu, ile vidole tatu njo ilikusomesha. Baba yako aliificha juu ya haya, miaka yote. Miye sikumuambiaka kitu. Nilipashwa kumuambia.

Juu ya kostime, alikubaliana na kaka: baba alivaa moja, ya bleu kweli, siku ya ndoa yao. Juu ya weusi alikataa. «Nilimuoa mweusi», alisema, na muchoraji alicheka mpaka akatia brosi chini.

Bado kulikuwa tatizo: hakuna foto ya ile mikono. Basi ni kaka mwenyewe, yule aliyetaka kukata, aliyekaa ku kiti siku tatu, nyuma ya kazi, mukono wa kuume juu ya goti, vidole viwili amekunja ndani. Iko na mikono ya baba. Wote katika familia wanasema vile. Mama alikaa pembeni akisahihisha: «Mukubwa zaidi hapa. Hapa kulikuwa kovu. Kucha hii ilikuwa nyeusi.» Siku ya tatu niliona kaka anatazama mukono wake kama hajauona.

Siku ya kumaliza kilio, tuliweka kadre chini ya turubai, juu ya meza yenye kikwembe kipya. Baba amekaa, kostime ya bleu, mweusi namna alikuwa, macho yanaangalia mbele. Kaske iko juu ya goti la kushoto. Mukono wa kuume uko juu ya goti lingine, wazi, vidole vitatu. Wazee waliofanya naye kazi walifika mumoja mumoja. Hawakusema mengi. Mumoja, ambaye alikuwa chini pamoja naye siku ya jiwe, alitosha kofia, akakaribia, akasimama pale mpaka chakula kikaanza kupoa.

Nyuma yake alifika mutoto wa kaka, wa miaka sita. Alihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Akageuka.

— Papa, vidole vingine viko wapi?

Kaka alimubeba juu ya magoti, akaanza kumuelezea.